Mnada wa mtandaoni: ni wakati gani mnunuzi na muuzaji waandike maoni?

Umeshinda mnada wa simu iliyotumika. Umetuma pesa pamoja na ya kutolea, na ujumbe wa malipo umeingia. Nusu saa baadaye muuzaji anakuandikia: "Nimeshakupa nyota tano. Na wewe nipe zangu." Simu yenyewe bado haijatoka mjini. Je, umpe?

Bado. Wala usione haya kumjibu: "Asante, nitaandika nikishapokea na kuijaribu." Hilo si jibu la dharau, na muuzaji mwaminifu atalielewa.

Watu wengi kambini, kwenye makazi na katika vijiji vya wenyeji wananunua na kuuza kwa simu. Wengine wanatumia tovuti kubwa. Wengine wanatumia makundi ya WhatsApp na Facebook, ambako mtu anaweka picha na bei ya kuanzia, wenzake wanapandisha dau, na saa ikifika mwenye dau kubwa anachukua. Mambo yakienda vizuri, au yakiharibika, kinachobaki ni maoni: nyota, alama na maneno machache chini ya jina la mtu. Makala hii inaeleza ni wakati gani uandike maoni hayo, ukiwa mnunuzi au muuzaji, na kwa nini siku unayochagua inaweza kuokoa pesa yako au jina la mwenzako.

Jibu kwa ufupi

- Ukiwa mnunuzi: andika baada ya kupokea, kufungua na kujaribu ulichonunua. Usiandike siku ya kulipa.
- Ukiwa muuzaji: andika pesa ikishaingia na mzigo ukishapokelewa. Usisubiri usifiwe kwanza ndipo umsifu mnunuzi.
- Kukiwa na tatizo: anza na mazungumzo, kisha malalamiko rasmi, na maoni yawe ya mwisho. Lakini angalia siku za mwisho zisikupite.
- Usiandike kwa hasira, kwa hofu, wala kwa makubaliano ya "nipe nikupe".

Maoni haya yalianzia wapi?

Mwaka 1995 Pierre Omidyar, mtaalamu wa kompyuta aliyeishi California, Marekani, alifungua tovuti ya mnada iliyoitwa AuctionWeb. Leo tunaijua kwa jina la eBay. Kitu cha kwanza kuuzwa kilikuwa kifaa kidogo cha mwanga wa leza, tena kibovu, kwa dola 14.83. Omidyar alishangaa, akamwandikia mnunuzi kumuuliza kama ameelewa kwamba kifaa hicho hakifanyi kazi. Mnunuzi akajibu kwamba anaelewa, kwani yeye anakusanya vibovu. Biashara ikaisha vizuri kwa sababu muuzaji alisema ukweli tangu mwanzo.

Lakini si kila muuzaji husema ukweli, na watu waliokuwa wakiuziana huko hawakuwahi kuonana. Sokoni unaweza kubonyeza nyanya kabla ya kulipa. Kwenye mnada wa mtandaoni unalipa kwanza, halafu unaona. Kwa hiyo Februari 1996 tovuti hiyo ilifungua sehemu ya mnunuzi na muuzaji kuandikiana maoni. Maoni mazuri yaliongeza alama 1, ya katikati hayakubadilisha kitu, na mabaya yalipunguza alama 1. Jumla ikaonekana kando ya jina la kila mtu.

Watafiti wawili wa Marekani, Paul Resnick na Richard Zeckhauser, walichunguza mauzo ya eBay ya miaka hiyo ya mwanzo. Waligundua kwamba karibu nusu tu ya wanunuzi waliandika maoni, na kati ya wauzaji walioandikiwa, waliopewa maoni mabaya hawakufika hata 1 katika 100. Katika jaribio la baadaye, wao na wenzao waliuza kadi za posta za zamani za aina moja kwa majina tofauti: jina la muuzaji aliyekwisha kujenga sifa, na majina mapya yasiyojulikana. Wanunuzi walilipa karibu asilimia 8 zaidi kwa jina lenye sifa. Kadi zilikuwa zile zile. Tofauti ilikuwa jina.

Jambo hili linatugusa sana. Wengi wetu hatuna akaunti ya benki ya miaka mingi, hati ya kiwanja wala mdhamini mjini. Jina jema ndiyo dhamana tuliyo nayo. Na jina hilo hujengwa au huvunjwa na maoni.

Kwa nini wakati una uzito?

Kwa miaka mingi kwenye eBay, mnunuzi na muuzaji wote waliweza kuandikiana mabaya. Hapo ikazuka shida. Anayeandika kwanza anabaki ameshika makali; anayesubiri ameshika mpini. Mnunuzi aliyepokea bidhaa mbovu akiandika ukweli leo, kesho muuzaji angeweza kumlipizia kwa kumwandikia kwamba ni mnunuzi mbaya, hata kama alilipa dakika ile ile. Wengi waliogopa, wakanyamaza, au wakaandika mazuri wasiyoyaamini. Wauzaji nao walizoea kungoja: "Nipe kwanza, nami nitakupa." Maoni yakageuka kuwa zawadi za kubadilishana, na mgeni aliyeyasoma hakupata habari ya kweli.

Mei 2008 eBay ilibadilisha kanuni. Tangu wakati huo muuzaji anaweza kumwandikia mnunuzi maoni mazuri tu, au asiandike kabisa. Wauzaji wengi walilalamika kwamba wameachwa bila ulinzi dhidi ya wanunuzi wasumbufu, lakini kanuni ilibaki. Mnunuzi anayeogopa kulipiziwa hasemi ukweli, na mnada usio na ukweli hauna faida kwa muuzaji mwaminifu pia.

Airbnb, kampuni inayounganisha wenye nyumba na wageni wanaopanga kwa siku chache, ilichagua njia nyingine mwaka 2014. Kila upande una siku 14 za kuandika. Maoni hayaonekani mpaka wote wawili wawe wameandika, au siku 14 ziishe. Kwa hiyo hakuna anayeweza kusoma kwanza kisha alipize.

Kumbuka njia hizi mbili. Hapa chini tutaona jinsi kundi lenu la WhatsApp linavyoweza kutumia ya pili bila gharama yoyote.

Ukiwa mnunuzi: subiri ujaribu

Kufika kwa mzigo si mwisho wa biashara. Simu inaweza kuwaka vizuri mchana na kuzima usiku. Kwa hiyo kabla ya kuandika, jaribu kwa muda unaofaa kitu chenyewe:

- Simu: piga *#06# ulinganishe namba itakayotokea na ile iliyo kwenye boksi au risiti. Weka laini yako, piga, pokea, piga picha, chaji hadi ijae. Hakikisha haina akaunti ya mmiliki wa zamani, maana simu iliyofungwa na akaunti ya mtu mwingine inaweza kukataa kufunguka siku utakapoisafisha. Itumie siku tatu hadi tano.
- Paneli ya sola na betri: zitumie usiku kwa taa zote unazokusudia kuwasha, angalau usiku tatu. Usiku mmoja baada ya jua kali haukuambii kitu.
- Cherehani: shona kitambaa chepesi na kizito.
- Nguo na viatu: siku moja inatosha. Kitenge kifue mara moja uone kama rangi inachuja.
- Belo la mitumba: lifungue mbele ya shahidi, hesabu, piga picha siku hiyo hiyo. Ukishaanza kuuza, huwezi tena kuthibitisha kilichokuwemo.
- Mbegu: subiri zichipue. Mahindi huhitaji karibu wiki moja kwenye udongo wenye unyevu.

Ukimaliza kujaribu na kitu kikawa sawa, andika siku hiyo hiyo. Wengi tukiridhika husahau, na muuzaji mzuri anabaki bila ushahidi wa wema wake. Hapo ndipo tapeli anapopata nafasi, kwa sababu wote wawili wanaonekana sawa: majina yasiyo na maoni.

Ukiwa muuzaji: usimfanye mnunuzi mateka

Kazi kubwa ya mnunuzi ni kulipa kwa wakati na kupokea mzigo mahali mlipokubaliana. Akifanya hivyo, amestahili maoni mazuri. Hayategemei yeye kukusifu.

Kwenye eBay, ambako muuzaji hawezi kuandika mabaya, wauzaji wengi huandika mara tu malipo yanapothibitishwa. Hilo halina hatari kubwa. Kwenye makundi yetu hali ni tofauti kidogo. Pesa ya simu inaweza kuzuiwa au kurudishwa ikiwa mtumaji atadai alikosea namba. Ujumbe wa malipo nao unaweza kughushiwa. Kwa hiyo angalia salio lako mwenyewe, usiridhike na ujumbe uliotumiwa na mnunuzi. Subiri mzigo upokelewe, kisha andika.

Usimwombe mnunuzi nyota tano. Mwombe aandike alichokiona. Unaweza kumtumia ujumbe mmoja siku chache baada ya kupokea: "Habari ya siku. Cherehani inafanya kazi? Kama kuna tatizo niambie kwanza nirekebishe. Kama iko sawa, naomba uandike maoni kwenye kundi." Ujumbe huo una faida mbili: unagundua tatizo kabla halijawa hadharani, na unamkumbusha aliyeridhika asisahau.

Kukiwa na tatizo: fuata mpangilio huu

*Hatua ya kwanza: mwandikie muuzaji.* Andika, usipige simu tu, ili kuwe na ushahidi. Eleza tatizo, tuma picha, sema unataka nini: kurudishiwa pesa, kubadilishiwa au kupunguziwa bei. Mpe muda wa kujibu, siku mbili au tatu. Huenda yuko mahali pasipo na mtandao.

*Hatua ya pili: fungua malalamiko rasmi.* Kwenye tovuti kubwa kuna kitufe cha kurudisha bidhaa au kuripoti tatizo. Kwenye kundi, mweleze msimamizi. Hatua hii ndiyo inayoweza kurudisha pesa. Maoni peke yake hayarudishi hata senti.

*Hatua ya tatu: andika maoni.* Sasa unajua mwisho wa habari, na unaweza kuusema wote, pamoja na jinsi muuzaji alivyoshughulikia kosa lake. Kila muuzaji hukosea siku moja. Wasomaji wanataka kujua alifanya nini baada ya hapo.

Angalia sana tarehe. Kwenye eBay kwa kawaida una siku 30, tangu mzigo ulipofika au ulipotarajiwa kufika, za kuomba kurudishiwa pesa. Kwa maoni una siku 60. Muda wa pesa unaisha mapema kuliko muda wa maoni. Muuzaji mjanja anajua hilo, naye anaweza kukutuliza: "Vumilia wiki ijayo, usifungue malalamiko," mpaka siku zipite. Kuvumilia ni vizuri, lakini vumilia malalamiko yakiwa yameshafunguliwa. Unaweza kuyafunga mkielewana.

Kwa sisi tulio mbali na miji kuna tatizo la ziada. Mara nyingi mzigo unaishia ofisi ya basi au kituo cha kuchukulia mjini, na anayeishi kambini anahitaji kibali cha kutoka ndipo aufuate. Siku zinaweza kuhesabiwa tangu mzigo ulipofika kituoni, si tangu ulipoushika mkononi. Kwa hiyo kabla ya kuweka dau, uliza: mzigo utafikia wapi, nani ataupokea, na siku za kurudisha zinaanza lini? Kama una mtu unayemwamini mjini, mwombe aufungue na kukutumia picha siku unapofika.

Na uwe mwenye haki. Kama mzigo ulikaa ofisini wiki mbili kwa sababu kibali chako kilichelewa, usimwandikie muuzaji kwamba alichelewesha. Yeye alituma kwa wakati.

Ukishinikizwa

Kuna mashinikizo ya aina mbili, na yote si halali.

Muuzaji anaweza kusema: "Futa maoni yako, la sivyo sikurudishii pesa." Mnunuzi naye anaweza kusema: "Nipunguzie elfu tano zaidi, la sivyo nakuharibia jina." eBay inakataza wazi kutumia maoni kama tisho la kupata kitu ambacho hakikuwa katika makubaliano, na tovuti nyingine kubwa zina kanuni zinazofanana.

Ukishinikizwa, usijibu kwa tisho lingine. Hifadhi ujumbe huo kwa picha ya skrini, ripoti kwa tovuti au kwa msimamizi, na uache maneno yake yenyewe yawe ushahidi. Kama muuzaji amerekebisha tatizo kwa hiari yake, unaweza kubadilisha au kuongeza maoni yako kuonyesha hivyo. Huo si udhaifu. Lakini pesa irudi kwanza, ndipo maoni yabadilike.

Kwenye makundi ya WhatsApp na Facebook

Makundi haya hayana mfumo wa nyota, wala siku za mwisho. Mtu akikasirika saa nne usiku, anaandika saa nne usiku, na asubuhi watu mia mbili wameshasoma. Ndiyo maana kanuni mnazijiwekea wenyewe. Tunapendekeza hizi:

1. Mnada ukiisha, muuzaji na mshindi wathibitishe kwenye kundi: bidhaa, bei, mahali na siku ya kukabidhiana.
2. Baada ya kukabidhiana, kila mmoja ana siku saba za kutuma maoni yake kwa msimamizi peke yake, si kwenye kundi.
3. Msimamizi anayaweka yote mawili kwa pamoja, au siku ya saba ikifika anaweka lililopo.
4. Kukiwa na malalamiko, siku zinasimama mpaka yasikilizwe.
5. Msimamizi asiyaguse maoni isipokuwa kuondoa matusi, namba za watu na maneno ya ubaguzi. Kama yeye mwenyewe ndiye muuzaji, msimamizi mwingine ashughulikie.

Kwa njia hii hakuna wa kumngoja mwenzake.

Namna ya kuandika

Sema ulichokiona, siku gani, na mwisho wake. Mfano wa maoni mazuri yanayosaidia:

"Simu ilifika siku ya nne kwa basi. Skrini ina mkwaruzo mdogo kama picha ilivyoonyesha. Nimeitumia siku tano, chaji inafika jioni. Muuzaji alijibu kila nilipouliza."

Mfano wa maoni mabaya yaliyoandikwa kwa haki:

"Tangazo lilisema belo ni la nguo za watoto. Nilipolifungua tarehe 3, karibu nusu zilikuwa za wakubwa. Nilimwandikia muuzaji siku hiyo hiyo. Alirudisha sehemu ya pesa baada ya wiki mbili."

Na mfano wa yale yasiyofaa:

"Mwizi huyu! Watu wa kwao wote ndivyo walivyo. Namba yake hii hapa, mtafuteni."

Maoni haya ya mwisho yana makosa matatu. Kwanza, hayasemi kilichotokea, kwa hiyo hayamsaidii anayesoma. Pili, yanageuza ugomvi wa watu wawili kuwa ugomvi wa jamii mbili. Kati ya wakimbizi na wenyeji, au kati ya wakimbizi wa mataifa tofauti, cheche ndogo kama hiyo inaweza kuwasha moto ambao mnada wa simu haukustahili. Tatu, yanamweka mtu hatarini, na hata wewe uliyeandika. Nchi tunazoishi zina sheria za makosa ya mtandaoni, kama ile ya Tanzania ya mwaka 2015, na kumwita mtu mwizi bila ushahidi kunaweza kukupeleka mahali ambapo hukutarajia.

Kamwe usiweke kwenye maoni namba ya kitambulisho cha mkimbizi, namba ya kaya, picha ya kadi ya mgao, sura za watoto au mahali mtu anapolala. Hata kama ni za kwako.

Kumbuka pia hesabu hii. Muuzaji mwenye maoni 400, moja likiwa baya, bado ana sifa nzuri ya zaidi ya asilimia 99. Mama aliyeanza kuuza vikapu mwezi uliopita na ana maoni manne, moja likiwa baya, amebaki na asilimia 75. Neno lako lina uzito mkubwa zaidi kwa mdogo. Usimfiche tapeli kwa kumwonea huruma, lakini kosa dogo la mtu mgeni katika biashara mwambie faraghani kwanza.

Jina lako liko kwenye akaunti ya nani?

Wengi wetu tunauza kwa akaunti au laini ya simu iliyosajiliwa kwa jina la rafiki au jirani. Hapo kuna mambo mawili ya kuangalia.

Kwanza, mnunuzi akituma pesa anaona jina lisilo lako, naye ana haki ya kuogopa. Mweleze kabla hajalipa, si baada ya kuuliza. Nawe ukiwa mnunuzi na jina likatofautiana bila maelezo, simamisha malipo.

Pili, maoni yote mazuri unayokusanya yanakwenda kwa mwenye akaunti. Akirudi nyumbani, akihamishiwa nchi ya tatu, au mkikosana, anaondoka na jina ulilolijenga wewe. Ikiwezekana, sajili laini na akaunti kwa hati zako mwenyewe. Ikiwa bado haiwezekani, weka daftari: tarehe, bidhaa, bei, mnunuzi, na picha ya skrini ya kila maoni. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Hata jina jema ni mali.

Maswali tunayoulizwa

*Nilitoa nyota tano siku ya kwanza, na sasa simu imezima. Nifanyeje?* Fungua malalamiko kwanza. Maoni mazuri uliyoandika hayakunyimi haki ya kudai pesa yako, ingawa muuzaji anaweza kuyatumia kubishana nawe. Kisha angalia kama tovuti inakuruhusu kubadilisha au kuongeza maelezo. Kwenye kundi, mwombe msimamizi aweke nyongeza yenye tarehe.

*Mtu ameshinda dau langu lakini halipi. Nimtangaze?* Si mara moja. Huenda mtandao umekatika au wakala hana floti. Mpe saa 24, mkumbushe mara moja, kisha mjulishe msimamizi na umpe bidhaa aliyemfuata kwa dau. Akirudia kwa mtu mwingine, hapo kundi lina haki ya kujua.

*Ndugu zangu wanaweza kuniandikia maoni ili nianze vizuri?* Hapana. Hawakununua kitu. Hali kadhalika wasikupandishie dau kwenye mnada wako. Huo ni udanganyifu, na ukigundulika hata maoni yako ya kweli hayataaminiwa tena.

*Je, nisipoandika kabisa?* Hakuna anayeweza kukulazimisha. Lakini fikiria jirani yako atakayenunua kwa mtu huyo huyo wiki ijayo. Ukimya wako hautamwambia kama uliibiwa au ulihudumiwa vizuri.

*Mtu ameniomba nitume pesa ya "usajili" ndipo nishiriki mnada.* Usitume. Hakuna maoni yatakayorudisha pesa hiyo.

Ukihitaji msaada

Mgogoro wa bei ndogo unaweza kutatuliwa na msimamizi wa kundi, kamati ya soko au viongozi wa bloku na kijiji wakikaa pamoja. Ukiwa umetapeliwa, toa taarifa kwa mtoa huduma wa pesa za simu mara moja, kwani kila saa inayopita inapunguza uwezekano wa kuzuia pesa hiyo. Kisha ripoti polisi ukiwa na ujumbe wa malipo, picha za tangazo na mazungumzo. Ukiogopa kwenda polisi peke yako, au umetishiwa kwa sababu ya maoni uliyoandika, mwone mfanyakazi wa ulinzi au wa msaada wa kisheria katika eneo lako. Huduma hizo ni bure, kwa hiyo anayekuomba pesa ili akusaidie, ripoti naye.

Na yule muuzaji wa nyota tano? Jaribu simu yake siku tano. Ikiwa nzuri, mpe nyota zake zote, na uandike kwa nini.